Ajali ya Ndani ya Lango Nayo ni Ajali

Limeenea miongoni mwetu neno moja ambalo kwa kulisikia tu laonekana kuwa neno la amani na la kiungwana: "Tuyamalize hapa hapa." Husemwa pale motokaa inapogonga ukuta ndani ya kiwanja cha kiwanda, au lori linaporudi nyuma na kuvunja taa ya gari la mgeni mbele ya ghala, au pikipiki inapomwangusha mama mmoja katika uwanja wa hospitali. Watu hukusanyika, mwenye mali hutikisa kichwa, dereva huomba radhi, na kabla vumbi halijatua hutokea mtu wa kuwatuliza wote kwa kusema kwamba hapa si barabarani, hapa ni ndani ya mali ya mtu, na kwa hiyo polisi hawahusiki. Leo twataka kulitazama neno hilo kwa makini, kwa kuwa limewaponza watu wengi, na wengi wa hao ni wafanyakazi.

Hatusemi kwamba kila mkwaruzo wa rangi upelekwe mahakamani. Watu wazima wawili wenye akili zao, ambao magari yao yamegusana bampa kwa bampa, hakuna aliyeumia, kila mmoja amjua mwenzake na hasara yenyewe yaonekana kwa macho, waweza kupatana, na kupatana ni jambo jema. Tunalolikataa ni mapatano yanayofanywa kwa haraka na bila maandishi, baina ya mtu mwenye nguvu na mtu asiye nazo, kwa kisingizio kwamba sheria huishia langoni.

Kisingizio hicho kina asili yake, na haifai kukidharau bila kukieleza. Sheria za magari tulizozirithi katika Afrika ya Mashariki zilifuata mfano wa Uingereza. Huko, tangu sheria ya mwaka 1903, dereva aliamriwa kusimama ajali ikitokea. Sheria ya mwaka 1930 ikaongeza uzito: dereva asimame, atoe jina lake na anwani yake, jina la mwenye motokaa na nambari ya gari, kwa mtu yeyote mwenye sababu ya haki ya kuuliza; na kama kwa sababu yoyote hakumpa mtu habari hizo, basi aende mwenyewe kuripoti polisi mapema iwezekanavyo, wala asipitishe saa 24. Amri hiyo ingaliko katika sheria yao ya mwaka 1988. Wametajwa hata wanyama ambao dereva akiwadhuru hana budi kusimama: farasi, ng'ombe, punda, nyumbu, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. (Paka hakutajwa, nasi hatujui amekosa nini.)

Lakini sheria hizo zote zilisema habari za motokaa iliyo barabarani, na hapo ndipo wanasheria walipopata pa kushindania. Barabara ni nini? Mwaka 1998 mashauri mawili ya watu walioumia katika mahali pa kuegesha magari yalifika mbele ya Baraza la Malordi, ambalo siku zile ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza. Malordi waliamua kwamba kazi ya barabara ni kumpitisha mtu aende aendako, na kazi ya maegesho ni kuliweka gari litulie. Kwa kawaida, basi, maegesho si barabara, na bima ya lazima haikuenea mpaka humo. Mtu aliumizwa na motokaa ileile, yenye tairi zilezile na dereva yuleyule, ila sakafu aliyoumia juu yake ndiyo iliyomkosesha haki. Serikali ya huko haikuliacha jambo hilo hivyo. Mwaka 2000 sheria ilirekebishwa, yakatiwa maneno machache yenye nguvu nyingi, kwamba amri zile zahusu barabara na pia mahali pengine panapoingiwa na watu wote.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa waangalifu zaidi katika kuandika. Sheria yao ya magari, iliyo Sura ya 403, yaeleza maana ya barabara kwa upana mkubwa. Pamoja na barabara za serikali, humo zimo njia nyinginezo, na gati, na mahali pa kuegesha magari, na njia ya miguu, madhali gari laweza kupita na watu wana ruhusa ya kufika. Maneno hayo mawili, gati na maegesho, ni madogo kwenye karatasi, lakini mfanyakazi wa bandarini aliyekanyagwa mguu na lori la mizigo ayaona ni makubwa kuliko sura nzima za vitabu vingine.

Hapa kwetu Tanzania sheria yetu ya mwaka 1973 yaitwa Sheria ya Usalama Barabarani, na pengine jina hilo peke yake ndilo liwadanganyalo watu wengi. Husikia "barabarani" wakadhani kwamba mita mbili ndani ya lango dereva amekuwa mtu huru, aweza kwenda mbio, aweza kuendesha akiwa amelewa, aweza kumpa gari mtoto wa bwana mkubwa ajifunze kwa kuzunguka majengo. Twataka wasomaji wetu waulize swali lililo sahihi. Wasiulize hati ya kiwanja ina jina la nani; waulize ni nani wanaoingia humo. Uwanja wa kituo cha petroli una mwenyewe, lakini umma wote wapita. Kadhalika soko, hospitali, stendi ya mabasi, kiwanja cha hoteli, uwanja wa msikiti na wa kanisa siku ya ibada. Mahali kama hapo mtu asiseme ni kwake kana kwamba yu chumbani mwake.

Tena hata pale palipo pa faragha kabisa, yaani ua wa nyumba uliozungushiwa ukuta na kufungwa kwa kufuli, bado sheria haikufa. Sheria za jinai haziishii kando ya lami, wala haki ya kudai fidia haikuwekewa mipaka ya mawe. Mtu akimjeruhi mwenzake kwa uzembe, ukuta haumfichi, na aliyepata hasara ana haki ya kudai popote ilipompata. Tofauti ni moja: barabarani ajali huonwa na watu mia, na ndani ya ua huonwa na watu watatu, ambao wawili kati yao hulipwa mshahara na yule aliyeisababisha. Kwa sababu hiyo ajali ya ndani ya lango yahitaji maandishi kuliko ile ya nje. Wazee wetu waliofanya biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali.

Tuje kwenye bima. Kila motokaa yapaswa kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, ile ambayo watu huiita bima ndogo, na wenye uwezo hukata bima kubwa inayolipia hata gari lao wenyewe. Wengi hulipa fedha hizo kila mwaka kama mtu alipaye kodi, wasisome hata siku moja karatasi walizopewa. Laiti wangezisoma. Wangekuta, katika karibu mikataba yote ya namna hiyo, masharti mawili. La kwanza, mwenye gari aiarifu kampuni mara ajali inapotokea, hata kama ni ndogo. La pili, asikubali kosa wala asiahidi malipo kwa mtu yeyote bila idhini ya kampuni. Sasa mtazame yule bwana aliyesema tuyamalize hapa hapa: kwa dakika tano amekubali kosa, ameahidi malipo, na hakumwarifu mtu. Wiki mbili baadaye, fundi akifungua boneti na kukuta kwamba zaidi ya taa kuna rejeta iliyopasuka na chesisi iliyopinda, bei yapanda mara kumi, mapatano yavunjika, na kila mmoja akimbilia bima yake. Swali la kwanza aulizwalo huko ni hili: iko wapi taarifa ya polisi? Hana. Mashahidi ni akina nani? Mmoja amehama, mwingine hataki kumuudhi tajiri wake. Kampuni yafunga faili, na haina haja ya kusema uongo ili kulifunga.

Twataka kutoa mfano mmoja wa mbali, kwa kuwa mtu aliyeumia alikuwa katika kazi ambayo wakulima wetu waifahamu. Mwezi wa Agosti mwaka 2007, katika nchi ya Slovenia, watu walikuwa wakipanga marobota ya nyasi kavu kwenye dari ya ghala la shambani. Trekta lenye tela likarudi nyuma ndani ya ua wa shamba ili liingie ghalani, likaigonga ngazi, na mtu aliyekuwa juu ya ngazi hiyo akaanguka. Alipodai fidia kwa kampuni ya bima ya trekta, kiasi cha euro 15,944 na senti kidogo, mahakama za kwao zilimkatalia. Zilisema bima ile ni ya trekta linaposafiri, na pale lilikuwa likitumika kama chombo cha kazi. Shauri likapanda ngazi nyingine, ngazi ya mahakama, mpaka likafika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 4 Septemba 2014 mahakama hiyo ikaamua kwamba bima ya lazima yahusu matumizi yoyote ya gari yanayolingana na kazi yake ya kawaida, hata kurudi nyuma ndani ya ua wa shamba. Uingereza, baada ya kujitoa katika Umoja huo, iliiondoa hukumu hiyo katika sheria zake mwaka 2022, kwa hoja kwamba ingezidisha gharama za bima. Sisi twaona mtu aliyeanguka ngazini ndiye aliyestahili kufikiriwa kwanza. Lakini jambo tunalotaka msomaji alishike ni jingine. Mahakimu wale wakubwa walibishana juu ya maana ya maneno. Hawakubishana kama trekta liligonga ngazi au halikugonga, kwa kuwa hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Ajali ambayo haikuandikwa popote haifiki kwa mahakimu wa namna hiyo. Hufia mdomoni mwa karani wa kwanza.

Sasa tuwatazame watu watatu ambao kunyamaza huku huwaangukia.

Wa kwanza ni dereva wa kuajiriwa. Amegonga nguzo ya ghala akirudi nyuma. Huenda kweli amekosea. Huenda pia breki zilikuwa mbovu na alikwisha kulisema hilo mara tatu, au hakukuwa na mtu wa kumwongoza nyuma, au taa za kiwanjani zilikufa tangu mwezi uliopita. Hayo yote yangeonekana siku ileile kama askari angefika, akapima, akaandika na kuuliza. Hakuitwa. Badala yake dereva aitwa ofisini, atajiwa kiasi cha fedha ambacho hakujua kimehesabiwaje, na mwisho wa mwezi akuta mshahara wake umekatwa nusu. Akiuliza, ajibiwa kwamba amesamehewa kupelekwa polisi, na kwamba yampasa ashukuru.

Dereva huyo na ajue kwamba hana la kushukuru. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, imeweka masharti juu ya makato ya namna hiyo. Hasara iwe imetokea katika kazi na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri amweleze kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara ya kweli. Na makato yote pamoja yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kenya nako, sheria ya ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki tu, tena pale mali ilipoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Je, mfanyakazi atapingaje, iwapo habari pekee iliyoandikwa juu ya ajali hiyo ni barua ya meneja? Kumbukumbu ya polisi, yenye saa, mahali, hali ya gari na majina ya walioona, ndiyo ushahidi wake. Kuna madereva wanaoogopa kituo cha polisi kuliko wanavyoogopa makato, nasi twawaelewa, lakini twawaambia wahesabu vizuri: kituoni ataulizwa maswali siku moja, na makato yaweza kumfuata mwaka mzima.

Wa pili ni mlinzi wa langoni. Huyu hana gari, hana leseni, wala hakugusa usukani. Lakini gari la mgeni likikutwa limekwaruzwa mlangoni, na aliyelikwaruza ameondoka bila kusema, anayeitwa ni yeye. Aambiwa alikuwa amelala. Wengine hulipishwa. Wengine hufukuzwa kazi, na sababu iandikwayo ni uzembe. Ajali ya namna hiyo, ya mtu kugonga gari lililosimama na kukimbia, ndiyo iliyo nyingi katika maegesho, nayo ndiyo inayohitaji zaidi kupelekwa polisi, kwa kuwa mwenye kosa hayupo na hakuna wa kupatana naye. Nambari ya gari iliyoandikwa na mlinzi dakika ile ile, ikapelekwa kituoni siku ile ile, yaweza kumpata mwenye gari. Ikikaa siku nne inakuwa porojo.

Wa tatu, na huyu ndiye anayetuuma zaidi, ni mtu aliyeumia akasema hakuumia. Kibarua apigwa na ubao wa nyuma wa lori, aanguka, ainuka, ajipangusa vumbi, acheka kwa aibu. Mwenye lori ampa noti moja au mbili za soda. Jioni kichwa chauma. Madaktari watuambia kwamba damu yaweza kuvuja ndani ya fuvu la kichwa polepole, dalili zisionekane kwa saa nyingi, na kwa watu wengine, hasa wazee, zisionekane kwa majuma. Siku atakayoanza kutapika na kupoteza fahamu, ndugu zake watamkimbiza hospitali, na daktari atataka kujua kilichompata. Kisha itatakiwa ile fomu ya polisi ambayo kila mtu aiita PF3, ambamo majeraha huandikwa, na polisi nao watauliza kwa haki: ajali gani, lini, gari lipi? Ndugu watataja kampuni. Kampuni itafungua daftari lake na kusema siku hiyo hakukutokea ajali yoyote. Nayo haisemi uongo. Katika daftari haimo.

Watoto ni zaidi. Mtoto aliyejificha nyuma ya motokaa katika ua wa nyumba haonekani kwa kioo, na mwenye gari ni jirani, au mjomba, au baba mwenyewe. Hapo aibu na huruma huungana kuziba midomo. Twasema kwa upole, lakini twasema: mtoto akiguswa na gari, hata kama ni ndani ya ua wa ndugu, apelekwe kwa daktari na polisi waarifiwe. Undugu hautavunjika kwa hilo.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Yatasemwa kwamba polisi wana kazi nyingi, kwamba gari likipelekwa kituoni hukaa siku kadhaa, kwamba kuna askari ambaye hawezi kushika kalamu mpaka apewe kitu kidogo. Hatutajidai kwamba maneno haya yametungwa. Mwananchi aliyekwenda kituoni na shida yake akarudishwa kwa kuambiwa "nendeni mkayamalize huko huko" ametendewa vibaya, na askari aliyemjibu hivyo ameacha kazi yake. Kuandikiwa taarifa si huduma ya kununuliwa. Askari hana haja ya kuja na kamba na chaki kwa kila bampa iliyobonyea; mara nyingi yatosha kuandika maelezo ya pande zote mbili na kumpa kila mmoja nambari yake, ile ambayo kwetu huitwa RB na Kenya huitwa OB. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Wakuu wa vituo wangefanya vema kuwaeleza askari wa zamu kwamba taarifa ya ajali ndogo ya ndani ya kiwanja yapokewa kama nyingine yoyote, na kama sheria ya barabarani haiihusu, hilo litaamuliwa baada ya kuandikwa, si kabla. Na yule anayedai kitu kidogo ataripotiwa kwa mkubwa wake. Ubaya wa askari mmoja haufanyi ukimya kuwa hekima, maana anayefaidi ukimya huo siku zote ni mwenye gari kubwa.

Wapo waliotafuta njia ya kupunguza mzigo wa polisi bila kuondoa maandishi. Ufaransa, magari yakigongana na hakuna aliyeumia, si lazima kumwita askari. Kila dereva huwa na fomu ya kampuni za bima ndani ya gari. Wawili hao huijaza pamoja papo hapo: tarehe, saa, mahali, nambari za magari, bima ya kila mmoja, na mchoro wa jinsi yalivyogongana. Hutia sahihi wote wawili, kila mmoja huchukua nakala yake na kuipeleka kwa bima kabla ya siku 5 za kazi kupita. Sheria yao ya fidia za ajali za magari, ya mwaka 1985, yamlinda aliyeumia hata pale ajali inapotokea mahali pa mtu binafsi. Hatuoni kwa nini kampuni zetu za bima, ambazo hazichoki kutoa kalenda zenye picha nzuri kila mwisho wa mwaka, zisichapishe fomu kama hiyo kwa Kiswahili chepesi na kumpa kila mteja. Wakati tunaingoja, kituo cha polisi ndicho daftari letu.

Basi mtu afanye nini ajali inapotokea ndani ya lango? Kwanza asimame, azime moto, amtazame mtu kabla ya kutazama bati. Aliyeumia apelekwe hospitali, hata akikataa. Kisha ziandikwe nambari za magari yote, majina na simu za madereva na za walioona, na saa yenyewe. Siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye kamera. Picha zipigwe kabla magari hayajasogezwa, za karibu na za mbali, zionyeshe ukuta, alama za tairi na mahali gari liliposimama. Mtu asitie sahihi karatasi ya kukubali deni akiwa bado anatetemeka. Kama kuna aliyeumia hata kidogo, au mwenye kosa amekimbia, au dereva anuka pombe, au mmoja hana bima, au upande mmoja wamlazimisha mwingine, hapo hakuna mjadala: polisi waitwe. Kama hakuna hata moja kati ya hayo na wote wameridhika, wapatane kwa maandishi yenye sahihi na shahidi, na bado hawakosi kitu wakipita kituoni kuandikisha.

Na kama aliyeumia alikuwa kazini, kuna mlango mwingine wa kubisha hodi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka mfuko ambao waajiri huuchangia kwa ajili ya hayo. Mwajiri anayemshawishi kibarua anyamaze kwa noti mbili, wakati mfuko upo na umelipiwa, amemnyima kile ambacho hakikuwa mali yake kumnyima.

Twageukia mwisho matawi ya vyama vya wafanyakazi, katika viwanda, bandarini, mahospitalini na katika mashamba makubwa. Mara nyingi mikutano yenu huzungumza mishahara na likizo, na ni haki. Katika mkutano ujao liongezwe na jambo hili. Ulizeni menejimenti: mwaka huu magari yamegonga nini ndani ya kiwanja hiki, nani aliumia, nani alikatwa mshahara, na taarifa ziko wapi? Mkijibiwa kwamba hakuna kilichotokea, nendeni mkazitazame nguzo za ghala na kona za ukuta jinsi zilivyobanduka. Kisha dai la kwanza liwe dogo na la rahisi: mlinzi wa langoni apewe kalamu na daftari lenye kurasa zilizotiwa nambari, aandike kila mgongano utokeao pamoja na nambari ya RB, na daftari hilo lisichukuliwe kwenda ofisini kwa meneja bila mjumbe wa tawi kutia sahihi kwamba ameona lilivyo.